Mabingwa wa Kudoea: Rekodi za Ndege Wanaotagia Viota vya Wenzao

Masika yakikolea, minana wa Kawe, Dar es Salaam, huvamia minazi na kuchana makuti hadi ubaki uti mtupu. Wenye minazi hulalamika, na wana haki. Lakini yuko mwingine anayewafuatilia minana hao kwa makini kuliko mwenye mnazi. Hukaa juu ya waya wa umeme au kwenye kilele cha mwarobaini, Ukwamani au Mzimuni, akirudia wito wake tangu alfajiri: dii, dii, dii, diderik. Ni kekeo mdogo, mgongo wa kijani cha kung'aa, kifua cheupe, jicho jekundu. Wataalamu humwita Chrysococcyx caprius. Hajengi kiota wala hajui kujenga. Anasubiri minana wamalize kazi yao, kisha jike wake apeleke yai.

Duniani kuna takriban spishi 100 za ndege wasiolea watoto wao kabisa, kiasi cha asilimia moja ya ndege wote. Wanasayansi huhesabu kwamba tabia hiyo imezuka mara saba, kila mara katika ukoo wake. Koo nne kati ya hizo saba zipo Afrika: makundi mawili ya kekeo, milembe wanaoonyesha watu asali, na fumbwe pamoja na jamaa zao. Hakuna bara lenye koo nyingi za wadoezi kuliko hili. Anayetaka kugawa nishani za kudoea, na nishani za kujilinda dhidi ya wadoezi, aanzie kwetu. Baadhi ya nishani zifuatazo zina vipimo vya watafiti nyuma yake; nyingine ni hukumu yangu tu, na msomaji anaruhusiwa kukata rufaa.

Mvamizi hodari wa mjini

Nishani hii haina mpinzani, inakwenda kwa kekeo yule wa kwenye waya. Kelele ni za dume. Kazi ni ya jike. Wakati dume anajitangaza juu, jike ametulia ndani ya majani akitazama mnazi wenye viota. Minana madume, manjano na kichwa cheusi, wananing'inia chini ya viota vyao wakipiga mabawa kuita wake. Majike wanaingia na kutoka na nyasi laini za kutandika ndani. Kekeo jike anahesabu nyendo hizo. Anataka kiota ambacho mwenyewe ameanza kutaga lakini hajaanza kuatamia. Akiwahi mno, yai lake litaonekana peke yake na kutupwa. Akichelewa, mtoto wake ataanguliwa nyuma ya wenzake.

Nafasi ikipatikana anajipenyeza kupitia mlango ulioelekea chini, anaondoa yai moja la mwenyeji, anaacha lake, anatoka. Haachi mawili katika kiota kimoja. Kwa msimu anaweza kutaga takriban mayai 20, maana yake familia 20 zinapelekewa mzigo usio wao. Yai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12, mara nyingi likiyatangulia ya mnana. Kisha kifaranga, angali kipofu na hana hata unyoya mmoja, anajibinua, analisogeza yai la mwenyeji hadi likae mgongoni, anarudi kinyumenyume na kulimwaga nje. Anafanya hivyo hadi abaki peke yake.

Mtu wa kwanza kueleza kitaalamu jinsi kifaranga wa kekeo anavyofanya ukatili huo alikuwa Mwingereza Edward Jenner, mwaka 1788, yule yule aliyekuja kujulikana kwa chanjo ya ndui. Alikuwa akiandika juu ya kekeo wa Ulaya, na wapo waliomwona mtunga hadithi.

Kekeo wetu wa Kawe, kwa taarifa ya ndugu zetu walioko Salalah, ana jamaa zake Dhofar, kusini mwa Oman. Wanafika wakati wa khareef na kuwatagia minana wa huko. Biashara ni ile ile.

Mlinzi bora

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wakisimuliwa habari za kekeo humwonea huruma mnana na kumwona mjinga. Mnana si mjinga hata kidogo.

Ulinzi wake wa kwanza ni kelele. Kekeo akionekana karibu na kundi, madume humtoka kwa pamoja na kumfukuza hadi mtaa wa pili. Wa pili ni ujenzi. Mlango wa kiota unatazama chini, na baadhi ya spishi huongeza bomba la kusuka ambalo mgeni lazima apande ndani yake. Ndege mwenye mwili mpana kuliko mnana anapata shida humo, na kila sekunde anayopoteza ni sekunde ya kukamatwa.

Lakini silaha yenyewe hasa ni yai. Chukua mayai ya majike kumi wa mnana wa kawaida, Ploceus cucullatus, kutoka mti mmoja, uyapange mezani. Utaona meupe matupu, ya buluu, ya kijani kibichi, ya kijani yenye madoadoa ya kahawia, meupe yenye madoa. Unaweza kudhani ni ya ndege wa aina tano. Kisha chukua mayai yote ya jike mmoja: yanafanana kabisa, rangi kwa rangi, doa kwa doa, na yatafanana hivyo maisha yake yote. Yai ni kitambulisho cha NIDA cha mnana: kila jike ana lake, halibadiliki, na anayetaka kughushi hajui namba ya mwenye nyumba anayoiingia.

Kekeo jike naye hutaga yai la aina moja tu maisha yake yote. Hawezi kusema leo nitataga la buluu. Kwa hiyo kila anapoingia kiotani anacheza bahati nasibu, na mara nyingi anapoteza. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1972 kwa minana waliofugwa yalionyesha kwamba jike hulinganisha yai la kigeni na yake; kadiri tofauti inavyozidi, ndivyo anavyozidi kuliondoa.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka mahali ambako hakuna kekeo. Minana hawa walipelekwa kisiwa cha Hispaniola, katika Karibi, kutoka Afrika Magharibi zaidi ya miaka 200 iliyopita, na wengine walifikishwa Mauritius kutoka Afrika Kusini mwaka 1886. Kekeo huyu hakufuata msafara. Mtafiti David Lahti alipima mayai ya visiwa vyote viwili, akalinganisha na ya barani, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Visiwani, mayai ya majike mbalimbali yalikuwa yameanza kufanana, na mayai ya jike mmoja yalikuwa yameanza kutofautiana. Kitambulisho kinafifia kwa kukosa mkaguzi. Macho ya mnana yenyewe hayajaharibika: wakipewa yai la kigeni lililo tofauti sana bado wanalikataa. Kilicholegea ni yai.

Na kuna jambo ambalo halipendezi kulisema kwa mtu anayempenda mnana. Mdoezi wa kiota cha mnana si kekeo peke yake. Karibu na Ziwa Baringo, Kenya, Wendy Jackson aliwachunguza minana wa spishi nyingine, Ploceus taeniopterus, akakuta majike wanatagiana wao kwa wao, jirani kwa jirani. Aliwagundua kwa njia ile ile anayotumia mnana mwenyewe: kuangalia yai lisilofanana na mengine. Kwa hiyo huenda vitambulisho hivi vilianza kwa ajili ya majirani, na kekeo akakuta mlango tayari una kufuli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mghushi aliyekaribia ukamilifu, akakamatwa

Mramba ni yule ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika mfano wa V, hodari wa kufukuza mwewe, anayeonekana pembezoni mwa mashamba Tanzania nzima. Mdoezi wake ni kekeo wa Afrika, Cuculus gularis. Yai la kekeo huyu ni kazi ya fundi: ukilipima rangi na michoro, aina zote anazotaga mramba anazo pia yeye. Kwa jicho la binadamu huwezi kuyatenganisha mayai yao.

Mramba anayatenganisha. Timu iliyoongozwa na Jessica Lund ilifanya majaribio Choma, kusini mwa Zambia, ikaweka mayai ya miramba tofauti katika viota na kuona yapi yanakataliwa. Mwaka 2023 walichapisha hesabu yao: mramba angetarajiwa kukataa asilimia 93.7 ya mayai ya kekeo. Sababu ni ile ile ya mnana. Kekeo anaiga vizuri mayai ya mramba kwa ujumla, lakini hajui mramba huyu wa mti huu anataga lipi, na inaonekana hachagui kiota kinachofanana na yai lake. Anatupa tu na kuomba Mungu.

Hiyo ndiyo rekodi ya juu kabisa ya ukaguzi ninayoijua kwa ndege wa Afrika anayekabiliana na mayai yaliyoghushiwa vizuri namna hiyo. Swali linabaki kwa kekeo: kwa asilimia sita za kupona, anaendeleaje kuwepo?

Mbio za rangi

Choma hiyo hiyo ina nishani nyingine, na mshindi wake huenda anaishi kwenye bustani yako bila wewe kumjua. Prinia wa kawaida, Prinia subflava, ni ndege mdogo wa kahawia, mkia mrefu anaouinua juu, anayerukaruka kwenye nyasi na michongoma. Mayai yake yana rangi nyingi kupita kiasi kwa ndege wa ukubwa huo: meupe, ya buluu, mekundu ya matofali, ya kijani cha zeituni, na juu yake madoa, mistari na mikwaruzo ya kila namna. Mdoezi wake ni ndege wa manjano wa ukoo wa fumbwe, Anomalospiza imberbis, naye amejitahidi kumfuata rangi kwa rangi.

Kwa bahati nzuri alikuwepo mtu aliyekusanya mayai. John Colebrook-Robjent, mkulima wa tumbaku na mpenzi wa ndege, aliyakusanya Choma kwa miongo kadhaa. Claire Spottiswoode na Martin Stevens walipoyapima, walikuta rangi zimebadilika kwa pande zote mbili ndani ya miaka 40 tu. Kwa kawaida mabadiliko ya viumbe tunayasoma kwenye mawe. Haya yalikuwa kwenye droo za mtu mmoja.

Mdoezi huyu ana ujanja ambao kekeo wa Kawe hana: hurudi kiota kile kile na kutaga zaidi ya yai moja. Mwenyeji akikuta mayai mawili ya kigeni yanayofanana, uhakika wake unapungua, na ukaguzi unaharibika. Tena jike wa mdoezi anafanana na jike wa ndege mwingine asiye na madhara, tewe mwekundu. Prinia ametatua hilo kwa ukali: huwashambulia wote wawili. Tewe wa watu anapigwa bila kosa.

Hata hivyo kuna rangi moja iliyomshinda mdoezi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sura ya yai lake hurithiwa kwa mama peke yake, mama hadi binti. Hivyo binti hawezi kuchanganya rangi za ukoo wa baba na za mama kupata mpya. Prinia anachanganya atakavyo, ndiyo maana ana yai la kijani cha zeituni ambalo hadi leo halijapata mwigaji.

Kifaranga katili kuliko wote

Kekeo anayemwaga mayai ni mpole ukimlinganisha na mtoto wa mlembe.

Mlembe mkubwa, Indicator indicator, hutaga katika mashimo: ya hudihudi, ya ndege wadogo wa kijani wanaokula nyuki, ya wengine wengi wanaojificha ndani ya miti au ardhi. Mama akiingia kutaga, hudonoa na kutoboa mayai anayoyakuta. Likisalimika lolote, mtoto atamalizia. Huzaliwa akiwa na ndoano mbili kali ncha za mdomo, moja juu na moja chini, ambazo hudondoka baadaye zikishamaliza kazi. Wenyeji wake wakianguliwa, huwashika gizani na kuwatikisa, anapumzika, anarudia. Spottiswoode na Jeroen Koorevaar waliweka kamera za giza ndani ya mashimo ya ndege wala-nyuki huko Zambia na kuchapisha walichokiona mwaka 2012. Kifo cha kifaranga mwenyeji kilichukua kuanzia dakika 9 hadi zaidi ya saa 7. Katika picha moja mzazi analeta mdudu katikati ya mauaji, anamlisha muuaji, anaondoka. Ndani ya shimo hakuna mwanga. Anachojua ni kwamba mdomo umefunguka.

Jambo la kushangaza ni kwamba ndege hawa wala-nyuki hawakatai mayai. Yai la mlembe linafanana na lao kwa ukubwa na umbo, lakini kinachosababisha mfanano huo, kwa mujibu wa majaribio ya 2013, ni milembe wengine: jike wa pili akija kiota kile kile hutoboa yai linalojitokeza. Mdoezi anajificha kwa mdoezi mwenzake.

Mdoezi anayelipa

Mlembe huyo huyo ndiye ndege wa porini aliyeelewana na binadamu kuliko wote. Anakula nta na anaweza kuimeng'enya, anajua mizinga ilipo, hawezi kuifungua. Mtu ana shoka na moto. Wakakubaliana.

Hussein Isack wa Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana wa kaskazini mwa Kenya na mwaka 1989 wakaonyesha kwa hesabu kwamba mtafuta asali anayeongozwa na mlembe hutumia wastani wa saa 3.2 kupata mzinga, na asiyeongozwa saa 8.9. Kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Brian Wood na wenzake walikadiria mwaka 2014 kwamba mlembe huongeza kasi ya kupata mizinga kwa asilimia 560. Na mwaka 2023 Spottiswoode na Wood walionyesha kwamba ndege hawa hujifunza lugha ya mahali pao: mlembe wa vilima vya Kidero, Tanzania, alikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu kumfuata mtu anayepiga mluzi wa Kihadza kuliko anayetoa mlio wa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Kule Niassa ikawa kinyume, ingawa kwa tofauti ndogo zaidi.

Rekodi ya maandishi ya zamani nayo ni ya pwani yetu ya kusini. João dos Santos, padri Mreno, aliandika kwamba huko Sofala, mwaka 1588, ndege wadogo waliingia kanisani kula mishumaa ya nta. Ni mlembe, bila shaka.

Uniulize nafanyaje na ndege anayewaua watoto wa hudihudi na kuwalisha Wahadzabe. Sifanyi lolote. Anapewa nishani mbili, basi.

Mgeni mpole

Fumbwe mkia mrefu, Vidua macroura, ni yule mdogo mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili, anayewasumbua ndege wengine kwenye viwanja vya nyasi. Huwatagia ndege wadogo wa mbegu wenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu unaopita kwenye jicho. Kifaranga wake hasukumi yai wala haui. Wote wanakua pamoja, na mwenyeji anaweza kulea wake na wa mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa fumbwe msemo huu una ukweli kidogo.

Lakini asidhaniwe kuwa mvivu. Ndani ya mdomo wa kila kifaranga wa ndege hawa wa mbegu kuna michoro ya madoa na rangi, tofauti kwa kila spishi, ambayo wazazi huitazama wanapolisha. Gabriel Jamie na wenzake walipima vinywa vya vifaranga Zambia, wakachapisha mwaka 2020: wadoezi wa Vidua wanaiga michoro ya wenyeji wao, wanaiga sauti ya kuomba chakula, hadi namna ya kugeuza kichwa. Mimi hii ndiyo naiona kazi nzuri kuliko yai lolote. Yai linakaa kimya. Kinywa kinaomba kila dakika chache, mchana kutwa, kwa wiki kadhaa.

Jamaa yake, Vidua chalybeata, hujifunza wimbo wa baba mlezi. Dume aliyelelewa na ndege wekundu wa uani huimba wimbo wao. Jike aliyelelewa nao humpenda dume aimbaye hivyo, na hutafuta kiota chao cha kutagia. Robert Payne aliwalea wengine kwa walezi wa kigeni wa kufugwa, wakakua wakiimba wimbo wa walezi hao wapya. Ina maana kosa moja la jike kutaga kiota kisicho cha kawaida linaweza kuanzisha ukoo wenye wimbo mwingine, na baada ya muda spishi nyingine.

Fumbwe mkia mrefu ana rekodi ya ziada: kupitia biashara ya ndege wa kufugwa, sasa yuko Puerto Rico na kusini mwa California, akidoea huko.

Fupi fupi

Yai gumu: kekeo mweusi na mweupe mwenye kishungi, Clamator jacobinus, hutaga yai kubwa lenye ganda nene katika viota vya jamaa za shorewanda. Oliver Krüger alionyesha Afrika Kusini kwamba shorewanda wa Rasi hawalikatai kwa sababu hawawezi kulitoboa wala kulibeba. Kujaribu kunaweza kuwaharibia yao wenyewe. Baadhi ya kekeo hawa huzaliana India na kuvuka bahari kuja Afrika kufuata pepo zile zile za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi.

Safari: kekeo wa kawaida aitwaye Onon, aliyefungwa kifaa cha satelaiti Mongolia mwaka 2019, alikaa Zambia kipindi cha baridi ya kwao na mwaka 2020 akarudi zaidi ya kilomita 12,000 hadi alikotoka. Kwenda na kurudi alipita nchi 16.

Mwenyeji mkubwa: mbuni. Katika Tsavo Magharibi, Brian Bertram aligundua miaka ya 1970 kwamba majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, lakini mama mwenye nyumba ndiye anayeatamia. Mayai yakizidi takriban 20 anayoweza kufunika, husukuma nje ya wengine na kubakisha yake katikati, akiyatambua moja moja. Kwa jicho langu yote ni mayai ya mbuni tu.

Aliyeponyoka

Nishani ya mwisho haihitaji darubini. Iko ufukweni Kawe, kwenye mapipa ya taka, kwenye mabanda ya samaki wa kukaanga, na imekaa juu ya ukuta ikikuangalia. Kunguru wa India, Corvus splendens, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akajaza Dar es Salaam na pwani yote. Kwao India ana adui wa viota aitwaye koel, ndege wa jamii ya kekeo, ambaye jike wake humtagia kunguru kila msimu na kumfanya alee watoto wasio wake. Koel hakupanda meli. Wanaoishi Muscat wanaweza kumsikia; sisi hatunaye.

Afrika tuna kekeo mkubwa mwenye madoa, Clamator glandarius, anayemtagia kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Kwa hiyo mwenyeji wa zamani amebaki na mdoezi wake, na mgeni ameanza maisha mapya bila wake. Koel peke yake asingemzuia kunguru kuzaana mjini. Taka zetu zinatosha kumlisha. Lakini ni kodi moja aliyoikwepa. Kampeni za mitego na sumu zimefanyika Dar es Salaam mara kwa mara na bado yupo, akila mayai na vifaranga vya minana wale wale waliomshinda kekeo kwa rangi. Dhidi ya anayekula yai bila kujali rangi yake, kitambulisho hakisaidii.

Nikiulizwa nani achukue kombe la jumla, nampa mnana jike, wala sisiti: anajitambulisha, anakagua, anafukuza, na anafanya hayo juu ya mnazi wa mtu huku majirani zake wakijaribu kumwibia. Basi wenye minazi wa Kawe, kijana wa kupogoa akifika masika haya na panga lake, mwambieni arudi baadaye. Vifaranga wa mnana huondoka kiotani baada ya takriban wiki tatu. Na mapipa ya taka yafungwe.